Ubaguzi wa Rangi na Dharau ya Mwili ni Ndugu wa Tumbo Moja

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Muhula huu yamezungumzwa mambo mawili kwa wingi katika mabweni yetu, nayo yamezungumzwa kana kwamba hayajuani. La kwanza ni ubaguzi wa rangi, maana sisi wa Kidato cha Nne tumekuwa tukisoma habari za Afrika Kusini na habari za ukoloni katika Tanganyika. Juu ya jambo hilo kila mtu ni hodari wa kusema. La pili ni mkorogo na majina ya kuchekana: nani amejichubua wakati wa likizo, nani mnene mno, nani mweusi mno, nani mfupi kama kinu. Juu ya hilo wengi hucheka tu. Katika mdahalo wa mwezi uliopita msemaji mmoja alisema kwamba la kwanza ni jambo la mataifa, na la pili ni porojo za bwenini.

Mimi naona sivyo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mtu anayepigana na moja na kuliacha la pili ni sawa na mtu anayepalilia mpunga kwa kukata majani na kuacha mizizi. Sisi tuliokulia Ipyana na pande zote za Kyela twajua shamba la namna hiyo linakuwaje baada ya mvua mbili.

UBAGUZI WA RANGI NI NINI?

Ubaguzi wa rangi ni desturi ya kuutazama mwili wa mtu, kisha kumpimia heshima, kazi, shule na mshahara kwa kadiri ya kile kilichoonekana. Mbaguzi hakuulizi umesoma mpaka wapi, wala hakuulizi moyo wako ukoje. Anatazama ngozi, nywele, pua na midomo, halafu anakata shauri. Kwa hiyo tangu mwanzo ubaguzi wa rangi ni dharau ya mwili.

Ushahidi mkubwa watoka Afrika Kusini. Mwaka 1950 Bunge la Wazungu wa nchi ile lilipitisha sheria ya kuandikisha watu wote na kumweka kila mmoja katika fungu la rangi. Lakini watu walikuwa wamechanganyika kwa karne nyingi, na si rahisi kumjua kila mmoja ni wa fungu gani. Basi maofisa walitazama miili. Njia mojawapo iliyotumika ilikuwa ya penseli. Ofisa alichomeka penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, mtu yule alihesabiwa kuwa karibu na Wazungu. Ikinasa, hakuhesabiwa hivyo. Fikirini, wenzangu, kwamba penseli kama hizi tunazochorea ramani zilikuwa na nguvu ya kuamua mtu akae wapi, asome wapi na aoe nani.

Yuko mtoto mmoja ambaye habari zake zimejulikana duniani kote, jina lake Sandra Laing. Alizaliwa mwaka 1955, na wazazi wake wote wawili walikuwa Wazungu. Lakini ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde na nywele zake zilijisokota. Akapelekwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10 tu, alifukuzwa shule kwa sababu ya sura yake, na serikali ikamwandika kuwa ni chotara. Wazazi wake walishtaki mahakamani. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, naye akaandikwa tena kuwa Mzungu. Angalieni jambo hilo: mtoto ni yule yule, mwili ni ule ule, lakini kwa muda wa miaka miwili aliandikwa kwa namna mbili. Maana yake ni kwamba rangi ile waliyoisema haikuwa katika mwili wake. Ilikuwa katika macho ya waliomtazama. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.

Mambo ya Afrika Kusini si mageni kwa watu wa huku kwetu. Miaka ya 1950 vijana wengi wa Kyela na Rungwe walikwenda migodini huko kwa njia ya kampuni ya kuandikisha wafanya kazi, ambayo watu waliiita Wenela. Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo. Wazee waliokwenda Wenela, na watoto wao waliosimuliwa, wanajua maana ya kuamrishwa utembee wapi na ulale wapi kwa sababu ya ngozi.

Na hapa nchini mwetu pia palikuwa na mafungu. Wakati wa Waingereza shule zilikuwa za aina tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Hata Mbeya mjini palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu. Shule hizo zilianza kuunganishwa mwaka 1962, mara baada ya Uhuru. Sisi tunaokaa leo darasa moja bila kuulizwa rangi tumekaa juu ya kazi ya watu wengine.

MWILI KAMA KITU CHA MAONYESHO

Sasa nataka kueleza jinsi umbo la mwili na rangi ya ngozi yalivyofungwa pamoja na wabaguzi wenyewe, ili mtu asidhani kuwa mimi ndiye niliyeyafunga.

Mwaka 1810 mwanamke mmoja wa kabila la Khoikhoi, jina lake Sarah Baartman, alichukuliwa kutoka Afrika Kusini akapelekwa London. Alikuwa na makalio makubwa, kama walivyo wanawake wengi wa kabila lake, na kwao haikuwa ajabu. Huko London alisimamishwa mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wamtazame kama mnyama. Baadaye akapelekwa Paris, akafa huko mwaka 1815. Hata kufa hakukumpa raha. Mtaalamu mmoja mkubwa wa Ufaransa, Georges Cuvier, aliupasua mwili wake, na mifupa yake na sanamu ya mwili wake ikawekwa kwenye jumba la makumbusho mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1994 Rais Nelson Mandela aliomba arudishwe kwao. Akarudishwa mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti mwaka huo karibu na mji wa Hankey.

Ndugu msomaji, jiulize: mwanamke yule alidharauliwa kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu ya unene wa makalio yake? Huwezi kutenga. Waliomtazama walitumia umbo lake kuthibitisha udogo wa watu wa rangi yake, na walitumia rangi yake kufanya umbo lake liwe kichekesho. Mwanamke wa Kizungu mwenye umbo lile hangepelekwa makumbusho.

Na sisi tuna habari zetu. Wakati wa Wajerumani mafuvu ya Waafrika yalichukuliwa Ulaya yapimwe urefu na upana, kwa kuwa wataalamu wa wakati ule walidhani akili ya taifa yaweza kupimwa kwa rula. Fuvu linalojulikana kuliko yote ni lile la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898, ingawa kichwa chake kilichukuliwa kwanza kama nyara ya vita. Kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu halikufika Kalenga mpaka mwaka 1954. Mengine hayajarudi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na kati ya hayo karibu 200 yalitoka Tanzania.

Basi elimu ile ya uongo ilipima kila kitu cha mwili: kichwa, pua, ngozi, nywele, makalio. Ikaweka ngazi. Juu kabisa ikaweka mwili wa namna moja tu, na kila mwili mwingine ukawa na kasoro.

NGAZI ILE BADO IMESIMAMA

Watawala wamekwenda, lakini ngazi wameiacha. Twaiona wapi? Twaiona katika vikopo vya mkorogo.

Kwanza yafaa tueleze ngozi ilivyo. Katika ngozi ya kila mtu mna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya chembe hizo ni karibu sawa kwa watu wote, Mzungu na Mwafrika. Tofauti ni kiasi cha melanini zinayotengeneza na aina yake. Kazi ya melanini ni kuikinga ngozi na mionzi mikali ya jua. Mtu wa Kyela ambaye babu zake walilima chini ya jua la ziwani amepewa mwavuli wake tangu kuzaliwa, bila kuulipia.

Mkorogo hufanya kazi ya kuuharibu mwavuli huo. Dawa zitumikazo sana ni tatu. Ya kwanza ni haidrokwinoni, ambayo huzuia melanini isitengenezwe. Mtu akiitumia muda mrefu ngozi hugeuka na kufanya madoa meusi yenye rangi ya buluu, hasa mashavuni, na madoa hayo ni shida sana kutoka. Kwa hiyo aliyetaka weupe hupata weusi mwingine usio wake. Ya pili ni zebaki, ambayo hutiwa katika sabuni na krimu nyingine. Zebaki hupenya mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Tena, sabuni ile ikioshwa, zebaki huingia katika maji, na kutoka katika maji huingia katika samaki. Ya tatu ni dawa za steroidi, ambazo kwa daktari ni dawa nzuri za magonjwa ya ngozi, lakini zikipakwa kila siku bila daktari huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ikachanika kwa urahisi na kukawia kupona kidonda.

Msichana aliyejichubua hawezi kukaa mbugani kupalilia mpunga saa sita mchana, wala kuanika kakao uwanjani, kwa sababu jua humchoma. Amenunua kwa fedha yake mwenyewe ugeni katika nchi aliyozaliwa.

Dunia imeanza kuona hatari hiyo. Mkataba wa Minamata, uliopatikana mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, unakataza zebaki katika vipodozi vya kung'arisha ngozi. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilitaka nchi zetu zizuie vipodozi vyenye haidrokwinoni. Hapa nchini vipodozi vyenye sumu vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvikagua iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Malawi twajua kwamba mpaka una njia nyingi, na si kila mzigo hupitia forodhani Kasumulu. Askari wa forodha aweza kukamata kopo, lakini hawezi kukamata mawazo yanayomfanya mtu alitafute kopo hilo.

MFANO MWEMA NA MFANO WA KUONYA

Je, wako watu waliopigana vita hivi viwili kwa pamoja? Wako.

Huko Harlem katika mji wa New York, tarehe 28 Januari mwaka 1962, vijana wa Kimarekani weusi, akiwamo mpiga picha Kwame Brathwaite, walifanya maonyesho ya mavazi ambayo wasichana wake walikuwa weusi tititi, na nywele zao za asili bila kunyoshwa. Wakati huo magazeti, hata ya watu weusi wenyewe, yalipenda wasichana weupe-weupe. Jambo lile lilishangaza wengi. Lakini neno lao kwamba weusi ni uzuri lilikwenda mbali, likawa silaha ya wale waliodai kura na haki. Na mwaka 1969, huko huko Marekani, kilianzishwa chama cha kudai watu wanene wasinyimwe kazi na heshima kwa sababu ya unene. Kilianza katika miaka ile ile ambayo nchi ile ilikuwa imejaa sauti za kudai haki za raia, na hoja yake ilikuwa ya namna ile ile: usiupime utu wangu kwa kuutazama mwili wangu.

Afrika Kusini ndiko penye mfano bora zaidi. Steve Biko na wanafunzi wenzake walianzisha chama chao cha wanafunzi weusi, SASO, mwaka 1969. Walifundisha kwamba kabla Mwafrika hajavunja minyororo ya mikononi, lazima avunje ile ya moyoni inayomwambia kuwa ngozi yake ni aibu. Wakati huo huo madaktari wa ngozi walikuwa wakiona hospitalini wanawake wengi wenye madoa ya haidrokwinoni. Mafundisho ya wapigania uhuru na ushahidi wa madaktari vilisukuma upande mmoja. Mwaka 1990 serikali ilitoa kanuni za kukataza haidrokwinoni katika vipodozi, na ikakataza pia matangazo kusema kwamba kipodozi chaifanya ngozi kuwa nyeupe. Hekima ya kanuni hizo ni kwamba zilikamata mambo mawili: sumu ya kopo na sumu ya maneno.

Sasa nautoa mfano wa kuonya, nao ni wa hapa kwetu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku kuvaa sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na kutumia mafuta ya kujichubua. Shabaha yake ilikuwa kuondoa kasumba ya kikoloni na kurudisha heshima ya Mwafrika. Shabaha hiyo siwezi kuilaumu. Lakini mjini Dar es Salaam baadhi ya vijana waliwavamia wasichana barabarani, wakawatukana na kuwararua nguo. Na katika miaka hiyo hiyo, huko Arusha, Wamasai waliambiwa waache lubega wavae suruali, kwa sababu mavazi yao yalionekana kuwa ya aibu. Basi msichana wa mjini aliambiwa si Mwafrika vya kutosha, na Mmasai akaambiwa ni Mwafrika kupita kiasi. Wote wawili walikaguliwa miili yao hadharani, na aliyewakagua hakuwa mkoloni.

Fundisho lake ni hili: huwezi kuutetea mwili wa Mwafrika kwa kuupiga mwili wa Mwafrika. Leo tukimwona mwenzetu aliyejichubua tukamzomea, twafanya kosa lile lile. Yeye tayari amekwisha kuambiwa kuwa ngozi yake ya kwanza ni mbaya, nasi twamwambia ya pili ni mbaya pia. Atakwenda wapi?

WENZETU WENYE UALBINO

Jambo hili linaonekana wazi kuliko pote kwa watu wenye ualbino. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja kati ya watu 1,400 hivi ana ualbino. Miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa, kwa kuwa wamerithi hali hiyo kwa baba na kwa mama pia. Si laana, wala mama hakukosa jambo.

Watu hawa ni Waafrika, wana wa Waafrika. Hata hivyo wamebaguliwa kwa rangi ya ngozi, na waliowabagua ni Waafrika wenzao. Tangu karibu mwaka 2007 nchi yetu iliona aibu kubwa, hasa katika mikoa ya Ziwa Victoria, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa imani za ushirikina. Hapo ndipo ninapoona ubovu wa kusema kuwa kudharau mwili ni porojo. Mauaji yale hayakuanza na panga. Yalianza na jina. Mtu aliitwa zeruzeru, akaitwa mzuka, akaitwa dili, na alipokwisha kuitwa kitu, wabaya wakamfanya kitu.

Lakini pia kuna mambo ya kutia moyo. Chama cha watu wenye ualbino nchini kilianzishwa mwaka 1978. Mwaka 2008 Bi Al-Shymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge, na mwaka 2010 Bwana Salum Bar'wani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 13 Juni ya kila mwaka, tangu 2015, kuwa siku ya kukumbuka haki zao. Wapiga kura wa Lindi walifanya jambo kubwa: waliutazama uso wa Bwana yule, wakapita, wakauona utu wake.

MASWALI MATATU YA WAPINZANI

Najua nitaulizwa maswali, na ni afadhali niyajibu sasa.

La kwanza: Je, kuchekwa kwa unene ni sawa na kunyimwa kura kwa rangi? Si sawa. Hakuna sheria iliyompeleka mtu mnene akae kijiji chake peke yake. Uzito wa mambo haya mawili si mmoja, na anayeyafananisha kabisa anawakosea waliofungwa na kuuawa kwa ajili ya rangi. Mimi nasema mzizi ni mmoja, sisemi matunda yalingana. Tena, mara nyingi matunda hayo humwangukia mtu mmoja kwa pamoja, kama yalivyomwangukia Sarah Baartman.

La pili: Je, tuache kumwambia mtu habari za afya yake? La. Muuguzi akimwita mwanafunzi faragha akampima presha na kumshauri juu ya chakula, hiyo ni huduma. Lakini mwenzake akimwita bonge mbele ya foleni ya ugali, hakumpunguzia hata ratili moja. Kinyume chake, wengine huacha kucheza mpira kwa kuogopa kuchekwa. Na mwembamba vile vile: wengi hapa wameitwa majina ya maradhi kwa sababu ya wembamba waliozaliwa nao. Ushauri humpeleka mtu mbele, dhihaka humrudisha nyuma.

La tatu: Je, utani si mila yetu? Ni mila, tena njema. Lakini utani wa wazee una kanuni. Mtani akikutania nawe unaweza kumtania, na siku ya msiba ndiye anayekuja kwanza. Utani huenda na kurudi. Lakini watu 40 wa bweni wakimcheka mmoja, naye hana la kuwarudishia, huo si utani. Hayo ni matusi yaliyovaa kanzu ya utani.

TUFANYE NINI?

Sipendi kumaliza kwa maneno matupu, basi natoa mapendekezo yangu kwa shule yetu.

Kwanza, kila mtu aitwe jina lake alilopewa na wazazi wake. Viranja ndio waanze, kwa sababu jina baya likitamkwa na kiranja hupata muhuri.

Pili, wenzetu wenye ualbino waruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata wakati wa gwaride na kazi za shamba, na wakae viti vya mbele darasani. Wengi wao hawaoni mbali vizuri, na kiti cha mbele hakigharimu shilingi hata moja.

Tatu, Chama cha Sayansi kitufundishe kusoma maandishi madogo kwenye vikopo. Mtu akiona neno haidrokwinoni au zebaki aache kununua. Na kopo lisilo na maandishi ya vilivyomo ndani, aliogope zaidi.

Nne, yule aliyekwisha kujichubua na anataka kuacha asaidiwe kimya kimya kwa Matroni, ambaye atampeleka kwa daktari. Asiulizwe maswali foleni ikimsikiliza.

Tano, mada ya mdahalo ujao iwe hii: "Anayecheka mwili wa mwenzake hawezi kuupinga ubaguzi wa rangi." Mimi nitasimama upande wa kuunga mkono, na yule msemaji wa mwezi uliopita namkaribisha asimame upande wa pili.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Mwili alionao mtu leo si ule atakaokufa nao. Ajali, maradhi, uzazi na uzee vitaubadilisha, na kipimo unachompimia mwenzako leo ndicho utakachopimiwa kesho. Katiba yetu yasema kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba utu wa kila mtu lazima uheshimiwe. Haikuweka kipimo cha kilo, wala cha urefu. Waliopigania Uhuru walitutoa katika darasa la mafungu matatu wakatuweka katika darasa moja. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaolala katika mabweni haya, nayo inaweza kuanza jioni ya leo, kengele ya maandalio itakapolia na kila mmoja akamwita jirani yake kwa jina lake.